Mimi sikusoma, lakini nasoma kila siku

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku lililonikaa kifuani kwa wiki tatu sasa. Nimeliandikia gazeti hili, si jingine, kwa kuwa mtu ninayetaka barua hii imfikie alikuwa amelikunja kwapani siku aliponijia. Naamini hulisoma.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa miaka 63. Baba huyo alikuja na binti yake, mtoto wa miaka 10 au 11, apimwe sare za shule. Kwenye kona ya meza yangu ya kukatia, mbali na chupa ya mafuta ya cherehani, huwa naweka kitabu ninachokisoma na vingine viwili vitatu vinavyosubiri zamu. Wakati mimi na baba tunazungumzia upindo (alitaka uachwe mpana, maana mtoto anarefuka), binti aliniuliza kama anaweza kutazama kitabu cha juu. Nikamwambia, "Tazama tu, mwanangu."

Alianza kukisoma akiwa amesimama wima. Baada ya muda akaegemea meza. Midomo iliyokuwa ikitamka maneno ikatulia. Kiatu kimoja kikamtoka mguuni, naye hana habari. Nilipomwita nimpime mabega alikuja na kitabu kimefunguliwa mkononi. Nikampima kifua, kiuno na urefu wa mkono huku macho yake yako ndani ya kurasa. Nikimwambia geuka, anageuka. Inua mkono, anainua, na kitabu kinahamia mkono wa pili. Nimepima watu kwa miaka 48 na sijapata kupima mtu aliyetulia namna ile.

Ndipo baba akasema, "Hebu weka hicho. Hadithi zitakusaidia nini? Ukitaka kusoma, soma vitabu vya maana."

Mtoto alifunga kitabu, lakini kidole alikiacha ndani. Akamtazama baba yake, akanitazama na mimi. Nilikata kipande cha kitambaa cha buluu haraka haraka nikakipenyeza pale pale palipokuwa na kidole, ndipo naye akakichomoa, polepole. Ukurasa wa 38.

Sikusema neno. Mtoto ni wake, na baba yule si mtu mbaya: alipiga goti akamvalisha binti yake kile kiatu kwa mikono yake mwenyewe. Anamtakia mema. Ila yale maneno, "vitabu vya maana", yamekataa kunitoka, nami nikiwa na neno huwa sishoni vizuri mpaka nimelisema.

Nadhani hata lugha yetu ina mchango wake hapa. Kwa Kiswahili, kusoma ni kufuata maandishi kwa macho, na kusoma huko huko ni kwenda shule. Tukimuuliza kijana anasoma wapi, hatuulizi kiti anachokalia. Tukisema fulani amesoma sana, tunahesabu vyeti vyake. Na tunasema "nimemaliza kusoma" kwa furaha, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Mimi niliacha shule nikiwa na miaka 13, na tangu hapo nimekuwa nikiambiwa, wala si kwa ubaya, kwamba sikusoma. Wateja wakinikuta na kitabu huniuliza, "Fundi, unasomea nini?" Hawaulizi ninasoma nini, wanauliza ninasomea nini. Ni lazima pawe na kitu mbele: mtihani, cheo, cheti. Nikiwajibu kwamba nasoma tu, wanabaki wananitazama wakisubiri nimalizie.

Hata neno "kujisomea", ambalo kwa jinsi lilivyoundwa lilistahili kuwa letu sisi wenye raha hii, siku hizi limekuwa la mwanafunzi anayekesha na daftari mtihani ukikaribia. Mimi nalitaka lile neno lirudi nyumbani. Kujisomea ni kuisomea nafsi yako.

Nieleze ilivyonianza, maana mimi sikuzaliwa katika nyumba ya vitabu. Nikiwa na miaka 15 nilikuwa mwanagenzi kwa mama mmoja fundi. Siku moja vifungo vililetwa vimefungwa ndani ya karatasi iliyochanwa kutoka kwenye riwaya. Kazi yangu ilikuwa kuvitenga kwa ukubwa. Niliikunjua ile karatasi, nikavimwaga vifungo, nikaanza kusoma kwa sababu tu maandishi yalikuwa mbele yangu. Upande mmoja ulikuwa ukurasa wa 117, na nyuma yake 118. Mwanamke amesimama mlangoni, taa mkononi. Nje mvua inanyesha. Kuna mtu anabisha hodi, na yeye anakujua kule kubisha: mara tatu, halafu kimya, halafu mara moja. Ukurasa wote wa 118 yuko pale pale, mkono uko kwenye komeo, anawaza. Na mstari wa mwisho kabisa chini unaishia hivi: "akafu-", kwa kistari, maana neno lilikatwa liendelee ukurasa wa pili.

Akafungua? Akafunga? Akafuta machozi? Akafukuza aliyekuwa nje? Vifungo vilibaki vimechanganyika hadi jioni. Usiku nililala na silabi tatu kichwani.

Kesho yake nilimwambia mwalimu wangu wa ushonaji. Yule mama hakujua herufi hata moja. Alisimamisha cherehani, akaniambia, "Hebu soma nisikie." Nikamsomea zile kurasa mbili. Akanyamaza. Akaomba nirudie pale penye mkono na komeo. Kisha akasema, "Alifunga. Anayetaka kufungua hafikiri muda wote huo." Mimi nikashikilia kwamba alifungua, maana angekuwa wa kufunga asingebeba taa. Tulibishana mpaka tunafunga kazi. Huyo kwangu ni msomaji, Mhariri, tena msomaji hodari, ingawa maisha yake yote alisoma kwa masikio.

Karatasi ninayo mpaka leo. Kitabu chenyewe sijakipata, kwa sababu kurasa zile hazikuandikwa jina la kitabu juu. Kila riwaya inayopita mikononi mwangu naifungua kwanza ukurasa wa 118 nitazame mstari wa mwisho.

Baada ya siku ile ikawa desturi yetu. Yeye anashona, mimi nashika kitabu. Hadithi ikinoga anaondoa mguu kwenye kanyagio na cherehani inanyamaza yenyewe. Nilimsomea kwa sauti kwa miaka 11. Alipofariki nikajikuta sijui kusoma kimya. Nilijaribu, koo likawa linatikisika. Baadaye sana nikapata kusoma kwamba katika karne ya 4, mjini Milano, Italia, Augustino, mwanafikra wa Kikristo, alimwona Askofu Ambrosi akisoma, macho yakipita juu ya kurasa na sauti haitoki, akaliona kuwa jambo la kuandikwa. Anasema watu waliingia, wakakaa kimya wakimtazama, wakaondoka bila kumsumbua. Nimefurahi mno kwamba mtu aliona thamani ya kumhifadhi kwenye maandishi mtu mwingine aliyekuwa anasoma tu, si anayehubiri wala anayetawala.

Enzi hizo Kilatini kiliandikwa maneno yakiwa yameungana, mstari mzima hauna mwanya. Fundi mwenzangu atanielewa: ni kitambaa kisichopigwa chaki, hujui mkasi upite wapi. Kutamka kulisaidia kuyatenganisha. Kuanzia karne ya 7 watawa wa Ireland, ambao Kilatini kilikuwa lugha ya kujifunza kwao, wakashika mtindo wa kuacha nafasi kati ya neno na neno, na nafasi hiyo ikaenea. Kitu kidogo kama hicho, pengo tupu, ndicho kinachomruhusu mtoto wa watu kusoma kimya huku anapimwa mabega.

Na jicho lenyewe, mtu akilichunguza, lina mambo. Tunadhani linateleza juu ya mstari kama maji. Sivyo. Huruka, likasimama kama robo ya sekunde, likaruka tena, na ni lile la kusimama ndilo linalosoma. Mara moja moja hurudi nyuma kuhakikisha. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu kwa furaha, kwa sababu ndivyo cherehani inavyofanya: sindano ikiwa ndani, kitambaa hakiendi popote, ikishatoka, meno ya chini yanakisogeza hatua moja. Kwa hiyo mchana nashona kwa mguu na jioni nashona kwa macho.

Nilipofika miaka 44, tundu la sindano na herufi za kitabu vilinipotea mwezi mmoja. Lenzi ya jicho hukakamaa kwa umri, hilo linampata karibu kila mtu akipita 40. Miwani ya kusomea ilianza kutengenezwa Italia mwishoni mwa karne ya 13, na mimi siku nilipovalishwa yangu na kuona kituo kidogo mwishoni mwa sentensi, nukta nyeusi iliyokamilika kabisa, nililia mbele ya mpimaji macho. Akadhani miwani inaniumiza.

Lakini aliyenifunza zaidi kuhusu raha hii ni shangazi yangu, ambaye hakuwa na macho ya kuyahangaikia. Alipofuka ukubwani, akajifunza breli, maandishi ya nukta zilizoinuka yanayosomwa kwa vidole. Nilikuwa nikilala chumba kimoja naye. Taa ikizimwa, mimi nalazimika kufunga kitabu, yeye ndiyo kwanza anakifungua chake chini ya shuka. Nilikuwa nasikia mlio mwepesi wa ngozi juu ya karatasi. Siku moja nilimwomba nitazame mchana. Mkono wa kulia ulikwenda mbele ukisoma, na kabla haujamaliza mstari, wa kushoto ulikuwa umeshatangulia chini kutafuta mwanzo wa mstari unaofuata, ukingoja pale. Mikono miwili, mmoja unamaliza, mwingine unafungua njia. Ikifika sehemu ya kuchekesha, vidole vilisimama na mabega yakawa yanatikisika.

Mtu aliyempa shangazi raha hiyo alikuwa mtoto wa fundi. Louis Braille alizaliwa Ufaransa mwaka 1809, na baba yake alikuwa akishona hatamu na matandiko ya farasi. Akiwa na miaka 3 alichezea chombo chenye ncha katika karakana ya baba, kikamchoma jicho moja. Ugonjwa ukahamia la pili, akapofuka kabisa. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, alikuwa ameshaupanga mfumo wake wa nukta 6, ambazo kwa kuzipanga na kuziacha zinatoa alama 63. Na nukta hizo huandikwa kwa kubonyeza karatasi kwa kijiti chenye ncha. Mimi niliyejichoma sindano maelfu ya mara sijui namna ya kulieleza jambo hili, lakini kila ninapolifikiria naacha kushona kidogo.

Sasa nirudi kwa baba wa binti. Najua atajibiwaje na watu wenye nia njema. Wataandika kwamba hadithi hukuza msamiati, humwezesha mtoto kufaulu, hunoa akili. Wengine watamletea utafiti. Upo mmoja wa Chuo Kikuu cha Yale, uliotolewa mwaka 2016, uliofuatilia watu 3,635 wenye zaidi ya miaka 50 kwa miaka 12, na wasomaji wa vitabu wakaonekana kuishi karibu miezi 23 zaidi ya wasiosoma. Siubishi. Lakini nauogopa kidogo ule wema wake, kwa sababu kesho kitabu kitawekwa pamoja na dawa, kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, na mtoto ana akili, akionja dawa anajua ni dawa. Ningependa baba yule aambiwe ukweli wote: binti yako alikuwa anaona raha. Hakuna kingine kilichokuwa kinaendelea pale mezani. Na raha ile inatosha.

Inatosha kwa sababu kusoma ni kazi ngumu kuliko tunavyokumbuka sisi tulioizoea. Maandishi yana umri wa miaka 5,000 na kidogo tu. Hakuna mtoto anayezaliwa nayo, kama anavyozaliwa tayari kushika kusema; kila mmoja anaanza upya, herufi moja moja, na ubongo unaazima sehemu iliyokuwa na kazi nyingine ya kutambua maumbo. Mtoto anavuka shida yote hiyo, anafika ng'ambo, anakuta kuna mlango na mvua na mtu anabisha. Halafu tunamwambia arudi, si huko alikotumwa.

Wapo wanaosema muda hawana. Mimi nasoma taratibu, nimejipima kwa saa ya ukutani, kama maneno 150 kwa dakika. Riwaya ya maneno 60,000 inanichukua dakika 400. Nikiipa nusu saa kwa siku, naimaliza ndani ya wiki mbili. Ni vitabu zaidi ya 25 kwa mwaka, na sijaacha kazi ya mteja yeyote ichelewe. Nusu saa yangu ni ile ya jioni, cherehani ikishafunikwa.

Vitabu vyangu vingi ni vya mkono wa pili au wa tatu, vimekuja vimevunjika mgongo. Navishona. Kitabu kilichojalidiwa vizuri, ukikitazama kwa juu penye mgongo, utaona mafungu madogo madogo ya karatasi zilizokunjwa, mara nyingi kurasa 16 kila fungu, na uzi umepita katikati ya kila mkunjo na kuyashika mafungu pamoja. Hiyo naiweza. Natumia uzi mnene nilioupaka nta na sindano butu, napita kwenye matundu yale yale ya fundi aliyenitangulia. Sipigi matundu mapya kama ya zamani yapo. Vitabu vilivyogandishwa kwa gundi tu vinanipa taabu zaidi, gundi ikikauka inapasuka na kurasa zinadondoka moja moja kama magamba. Hizo nalazimika kuzishona kwa pembeni, na kitabu hakifunguki tena vizuri, lakini kinasomeka. Karatasi zikiwa nzee huwa za rangi ya kahawia na kutoa harufu tamu tamu. Ni ile nyuzinyuzi ya mti ndani ya karatasi inayooza taratibu, na kati ya vinavyotoka humo ni kile kile kinachoipa vanila harufu yake. Nikiwa nashona kitabu nakinusa, siwezi kujizuia.

Naazimisha pia. Nina daftari la vipimo vya wateja, na chini ya kifua, kiuno na nyonga naandika jina la kitabu alichochukua mtu. Alikuwepo mkutubi wa India, Ranganathan, aliyetoa kanuni 5 za maktaba mwaka 1931. Ya pili inataka kila msomaji apate kitabu chake, ya tatu inataka kila kitabu kipate msomaji wake. Hiyo ya tatu naipenda zaidi. Nina vitabu vilivyokaa miaka 9 kwenye rafu havijaguswa, halafu anaingia mtu kupunguziwa suruali, anakivuta kimoja, na ninajua kilikuwa kinamngoja yeye.

Wazazi wenzangu, nina maombi machache. Mtoto akisoma hadithi, msimwombe muhtasari. Mtu akitoka kucheza hamumwambii aandike alichojifunza. Akikichoka kitabu katikati, mwacheni akiweke, hata mimi huweka. Nina kimoja nilichokiacha mara tatu nikiwa na miaka 30, nikakimaliza kwa siku nne nilipofika 52. Akirudia kitabu kimoja mara ya sita, mwacheni arudie. Na ninyi wenyewe shikeni kitabu akiwaona, si kwa kumwonyesha, bali kwa sababu mna hamu kweli ya kujua kinachofuata. Mtoto anaitambua tofauti hiyo haraka kuliko tunavyodhani.

Kwako Mhariri nina ombi moja, na hili nimelibeba muda mrefu. Zamani magazeti ya Kiswahili yalikuwa na hadithi za mfululizo. Kuna moja niliyoifuata nikiwa kijana. Kila toleo nilikata kipande cha hadithi, na ilipokwisha nilikuwa na vipande 46, nikavibandika kwenye karatasi nzito, nikavikunja kwa mafungu, nikavishona. Jalada nililitengeneza kwa kitambaa cha khaki kilichobaki kwenye suruali ya mteja. Ni kitabu cha kwanza nilichokishona maishani. Kimesomwa na watu 31, majina yao yote yapo kwenye daftari. Sijui kama gazeti lako lina nafasi siku hizi, najua matangazo yana uzito wake. Lakini ungetupa safu moja tu, Jumamosi, sehemu ndogo ya hadithi inayokatika pabaya, ningeiweka mezani, na watu wangekuja kuulizia kilichotokea hata kama hawana nguo ya kushona.

Na wewe baba, kama umefika hapa. Sare ziko tayari. Zimepigwa pasi, zimetundikwa nyuma ya mlango, na upindo nimeuacha mpana kama ulivyosema. Njoo naye binti ajaribu kola, isije ikambana shingo. Kitabu kipo, sijamwazima mtu mwingine, na mimi mwenyewe nimekiweka kando nikaanza kingine, ili kile kipande cha buluu kisihame pale kilipo. Kuna mchapaji wa Venezia, Aldus Manutius, ambaye mwaka 1501 alianza kutoa vitabu vya fasihi kwa umbo dogo la kushikwa mkononi, watu waweze kutembea navyo. Hiki ni cha umbo hilo. Nakuambia mapema usije ukashangaa ukiziona zile sketi: mfuko wa kulia nimeukata mkubwa kuliko kawaida. Nimeupimia kitabu chenyewe, nikakiingiza na kukitoa mara mbili. Kinaingia chote.

Wako msomaji,
Fundi cherehani